Usinipulizie dizeli: bushi za Datsun 240Z na hewa ya Mombasa

Hii gari nikiipaki pale ufukweni Mama Ngina jioni watu husimama, na maswali ni yaleyale, injini gani, yaenda spidi ngapi, waiuza? Injini ni L24, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2393, na hapana, siiuzi. Lakini hajatokea mtu akainama akachungulia chini akaniuliza hali ya bushi, zile raba za kwenye viungo vya miguu ya gari, na mie nasema wallahi, kama wataka kujua gari ya zamani iko hai ama imekufa na bado yatembea, acha boneti, lala chini uangalie raba.

Nimemaliza kubadilisha bushi za miguu yote minne na nataka kuieleza hii kazi yote, manake huku kwetu bushi zinauliwa na watu wenye nia nzuri kabisa, wenye gari na mafundi pia, na gari nyingi za zamani zinauzwa kwa bei ya chuma eti zimechoka, kumbe kilichochoka ni raba.

Kwanza gari yenyewe. Ni Datsun 240Z, namba ya chasisi yaanza na HS30, yaani ile ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Japani. Nissan waliitoa mwisho wa 1969, wakaendelea nayo mpaka 1973 ndo ikaja 260Z. Ndo gari iliyoshinda Safari Rally 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, na Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa 240Z nyengine. Kisha 1973 Mehta akashinda mwenyewe pamoja na Lofty Drews, tena kwa taabu, manake penalti zake na za Harry Källström aliyekuwa kwa Datsun 1800 SSS zilikuwa sawasawa, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla hajapata penalti ya kwanza. Mehta baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini hapo alikuwa ashahamia Datsun za aina nyengine. Kwa watu wa umri wa ami yangu hizo si habari za kusoma, ni mambo waliyoyaona.

Ami alikuwa kijana zama hizo. Safari ya zamani, iliyoanza 1953, miaka mingine njia zake zilishuka mpaka huku Pwani, na yeye ni katika wale waliokesha kando ya barabara na vumbi machoni kungoja magari yapite. Zile Z zikamuingia moyoni. Alipopata pesa zake za kazi ya bandarini akanunua moja mkononi mwa mtu, akaitunza miaka yote, na nguvu za kuendesha zilipomuishia akanipa mie funguo akaniambia, "Mwanangu, hii usiwe waiwasha tu ukaizima. Itembeze."

Nikaitembeza. Kwa macho ya watu ilikuwa nzuri, rangi yang'ara, sauti ya zile silinda sita tamu, lakini usukani ulikuwa hauna habari. Ukishika breki kuteremkia Makupa yavuta upande. Ukipita tuta Kongowea yagonga chini ya miguu, tok, hata kama waenda pole pole. Na ukiwa ndani ya kona ukiachilia mafuta, nyuma yote yajipanga upya kivyake, waisikia kiunoni kabla hujaiona kwa macho. Siku moja nikampakia ami, akakaa kiti cha abiria kimya mpaka tukafika Tudor, kisha akasema, "Hii si gari yangu." Hakukusudia kunilaumu. Alikuwa anaikumbuka gari ilivyokuwa na hii aliyoikalia haikuwa ile. Na ndo ubaya wa bushi, hazifi siku moja, zinakufa kidogo kidogo na mwenye gari anazoea kidogo kidogo, mpaka aje mtu aliyeiacha kitambo ndo aone tofauti.

Sasa, bushi ni nini hasa. Ukiitoa uishike mkononi ni bomba la chuma kwa nje, bomba dogo la chuma kwa ndani, na katikati raba iliyopikwa ikashikana na hizo chuma zote mbili. Bomba la nje linabanwa kwa presi kwenye mkono wa gari, kile chuma kinachoshika gurudumu na bodi, la ndani linabanwa na bolti mpaka halizunguki kabisa. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Wengi hudhani mkono ukipanda na kushuka kuna chuma kinateleza mle ndani kama mlango kwenye bawaba. Hakuna kinachoteleza. Raba yenyewe ndo inajisokota ukipanda, ikajisokotoa ukishuka, kwa hivo bushi ni springi ndogo ya kusokota, na wakati huohuo inazuia mkono usiende mbele na nyuma, na wakati huohuo inameza mtetemo wa barabara usifike kwenye bodi. Kazi tatu, kipande kimoja, saizi ya yai. Ukilielewa hilo basi makosa yote yanayofanyiwa bushi Mombasa utayaona mwenyewe bila kuonyeshwa.

Kosa la kwanza ni dizeli. Twajua sote, huku chumvi iko hewani, gari inaoza kutoka chini, kwa hivo ukienda kuosha gari unaulizwa, tupulize? Na wanapuliza, dizeli ama oili chafu iliyochanganywa na dizeli, chini kote, kwenye chasisi, kwenye mikono, kwenye bushi zote. Kwa chuma si dawa mbaya sana. Kwa raba ni sumu. Raba asili inanyonya mafuta ya petroli na jamaa zake wote, inavimba, inalainika, inaanza kuchubuka kama sabuni iliyolowa, na ikishavimba haiwezi tena kushikilia kitu mahali pake. Halafu kuna fundi atakayesikia bushi inalia, akaipiga grisi ama dawa ya kutu, kelele ikaisha, mteja akafurahi akalipa, na bushi ikafa haraka zaidi. Hakuna mahali mle ndani panapohitaji kulainishwa! Hakuna kinachoteleza! Bushi ya raba ikilia ujue raba imeachana na chuma, na mahali palipoachana sasa ndo panateleza, na hilo haliponi kwa grisi.

Chumvi nayo ina njia yake. Raba haiogopi chumvi, lakini yale mabomba mawili ya chuma yanaiogopa, kutu inaanzia pembeni pale raba inapokutana na chuma, inatambaa kwenda ndani polepole na inabandua raba kipande kwa kipande. Nilizozitoa kwenye gari yangu, mbili kwa nje zilionekana nzima kabisa, hazina ufa, na nilipozitia kwenye jiliwa nikasukuma na mtaimbo bomba la ndani likatoka lenyewe, raba ilikuwa haijashika popote. Ukiongeza joto la huku, na ozoni ya hewani inayopasua raba iliyovutika, na miaka ambayo gari imekaa imesimama mahali pamoja bila raba kunyooshwa, utaona kwa nini gari ya Pwani bushi zake si za kupimwa kwa kilomita.

Na wili alaimenti, yaani kunyoosha matairi. Naomba mwenye Z ama mwenye gari yoyote ya zamani asikie hapa. Kwa 240Z mbele kutoka kiwandani kinachorekebishwa ni kimoja tu, matairi kuelekeana ndani ama nje, kwa kuzungusha rodi za usukani basi. Kulala kwa tairi, na kule gurudumu kukaa mbele ama nyuma ndani ya mdomo wake, hakuna bolti ya kurekebisha. Vinashikwa na urefu wa chuma na uzima wa bushi. Bushi ikishalegea, mashine ya alaimenti hata iwe ya leza inapima gari iliyosimama, ukitoka pale getini ukashika breki ya kwanza vipimo vyote vimehama. Watu wanalipa alaimenti baada ya alaimenti na tairi bado zinalika upande wa ndani, na hakuna aliyewaambia wabadilishe raba kwanza.

Kuangalia ni rahisi. Peleka gari kwenye shimo, mtu mmoja juu ashike breki huku waisukuma mbele na nyuma, wewe chini na tochi utazame pale tenshen rodi, ile fito ya chuma inayotoka mkono wa chini kurudi nyuma, inapoingia kwenye breketi yake. Nyuma weka mtaimbo kati ya mkono na pale unapofungiwa, bonyeza taratibu, chuma kikihama kabla raba haijavutika basi imekwisha. Usibonyeze kwa hasira, hata bushi mpya itahama ukiilazimisha na mtaimbo wa mita moja.

Haya, kununua. Hapa ndo penye ubishi, na mie nina upande. Ukiuliza vijana wa magari ya spidi watakwambia weka poliurethani kila mahali, ngumu, nyekundu ama nyeusi, haiogopi mafuta, yaishi milele. Kuna ukweli ndani yake. Poliurethani haiogopi dizeli kama raba, na kwa gari ya mashindano kwenye lami safi inafanya usukani uwe mkali. Lakini mambo matatu. La kwanza, poliurethani haisokoteki kama raba, yenyewe kweli inateleza juu ya bomba lake, kwa hivo inataka grisi yake maalum ya silikoni na inataka kufunguliwa na kupakwa tena, na kwa vumbi na mchanga wa huku ikikauka italia kila tuta. La pili, si poliurethani zote sawa, zile za aina ya poliesta unyevu na joto vinazivunja kutoka ndani taratibu mpaka zinamong'onyoka, za aina ya poliyetha ndo zinastahimili, na muuzaji mara nyingi hajui anauza ipi. Kwa mji kama huu ambao hata chumvi ya mezani inaloa ndani ya chupa, hilo si swali dogo.

La tatu ndo kubwa kwa mwenye 240Z. Tenshen rodi ya hii gari inatoka kwenye mkono wa chini inarudi nyuma mpaka kwenye breketi ya chasisi, imebanwa pale na raba mbili, moja mbele ya breketi moja nyuma. Gurudumu likipanda na kushuka ile rodi lazima ipate kuinama pale kwenye raba. Ukiweka poliurethani ngumu pande zote mbili haipati nafasi, inaanza kujikunja yenyewe kwenye shingo karibu na nyuzi, kila tuta mara moja, na chuma kikikunjwa hivo mara nyingi kinakatika. Rodi za Z zimekatika kwa sababu hii, wenye Z dunia nzima wanalijua hili jambo. Ikikatika ukiwa umeshika breki gurudumu linarudi nyuma na gari inakwenda inakotaka. Anayetaka ukali wa poliurethani hapo huweka ngumu upande wa mbele, unaobeba nguvu ya breki, na raba laini upande wa nyuma. Mie nikaweka raba pande zote mbili.

Na raba nikaweka kila mahali. Sababu yangu si bei. Wale mainjinia wa Nissan walipoipima hii gari waliipima na raba ndani yake, springi zake, shoki zake, ulaini wa usukani, vyote vilipatanishwa na ule ulaini mdogo wa bushi. Ukiutoa ule ulaini wote ukaweka ugumu, mtetemo wote uliokuwa unaishia kwenye raba sasa unaingia kwenye bodi, na bodi ya chuma chembamba ya miaka ya 70 ambayo tayari inapigana na kutu, kwa barabara zetu na matuta yetu, ndo ya mwisho kupewa kazi hiyo. Ami alitaka gari yake. Gari yake ilikuwa ya raba.

Spea nikaagiza Japani, zikachukua muda, zikafika. Wako pia mafundi hapa mjini wanaochonga bushi kwa raba nzito ama nailoni, na kwa lori na matatu wanafanya kazi ya maana sana, bila wao magari mengi yangelala. Lakini raba ya kuchongwa haijapikwa ikashikana na chuma, imekaa tu ndani, kwa hivo itateleza, na kwa gari nyepesi hivi, tani moja na kidogo, utaisikia. Chukua kwa matumizi yake.

Kazi tumefanyia Shimanzi, kwenye gereji ya fundi mmoja mzee ambaye mikono yake naiamini, pamoja na kijana wake. Mbele ni rahisi. Ukishaweka gari kwenye stendi (jeki peke yake hapana, tafadhali, watu wanakufa), unafungua bolti ya ndani kwenye krosmemba (kile chuma kilichokingama chini ya gari), bolti mbili za tenshen rodi, na bolti mbili za chini ya nguzo ya shoki zinazoshika mkono wa usukani pamoja na boli-joiniti, na mkono wote unatoka. Springi iko juu kwenye nguzo yake haitakurukia. Chunga tu usiache nguzo ining'inie kwa paipu ya breki.

Kutoa bushi kuukuu kijana alishawasha gesi achome raba. Mzee akamzima. Akamwambia, "Moto mwisho, presi kwanza." Nilipenda hilo. Kuchoma raba kunatoka moshi mweusi ambao si wa kuvuta, na rangi ya mkono inaungua, na ule mkono ni bati lililokunjwa, si chuma cha reli. Tukatafuta kipande cha bomba kinachoingia sawasawa kwenye ukingo wa nje wa bushi, tukakiweka kwenye presi ya haidroliki, ikatoka nzima kwa mlio mmoja mkubwa. Upande wa pili ilikataa, kutu ilishaishika, ndo mzee akachukua msumeno wa chuma akakata lile bomba la nje kutoka ndani, mstari mmoja, taratibu mno, anasimama kila mara kuangalia asije akaukata mkono wenyewe, kisha kwa patasi ndogo akalikunja likaanguka. Bushi mpya zilikuwa zimelala friza usiku mzima kando ya samaki wa mama, baridi inapunguza chuma kidogo, si sana, lakini kidogo hicho kinasaidia. Tundu tukalisafisha kwa msasa, zikaingia zimenyooka.

Nyuma ndo kwenye hadithi.

Kila mkono wa nyuma wa 240Z una bushi nne, mbili ndani mbili nje, na zile mbili za nje zimeunganishwa na nguzo ya shoki kwa pini moja ndefu inayopita kote, kutoka bushi ya mbele, kupitia chini ya nguzo, mpaka bushi ya nyuma. Spindo-pini. Katikati yake ina kijikato, na pale kuna pini ndogo ya loki inayopita mkabala kuizuia isizunguke wala isitoke. Kiwandani walipoifunga sidhani kama kuna aliyefikiria gari itakaa nusu karne kando ya bahari. Ile pini ndefu inakutana na chuma cha nguzo kwa urefu mkubwa, chuma kwa chuma, maji ya chumvi yanaingia, kutu inajaa, na inakuwa kitu kimoja. Kila mwenye Z anaiogopa hii pini, Marekani, Uingereza, Australia, kokote, na wale hawaishi Mombasa.

Kosa la kawaida ni nyundo. Unafungua nati za mwisho, unagonga, pini haitoki, unagonga zaidi, na ncha yake inatanuka, sasa hata ingetaka kutoka haiwezi kupita kwenye bushi. Na kosa baya zaidi ni kugonga bila kutoa ile pini ndogo ya loki kwanza. Sisi tukaanza siku kadhaa kabla, kila jioni dawa ya kutu pale katikati ya nguzo, si kwenye bushi. Zilikuwa za kutupwa kweli, lakini mzee hataki mazoea mabaya hata kwa bushi ya kutupwa. Pini za loki zikatoka, moja kwa ubishi. Kisha mzee akanituma kwa jirani mwenye leithi, mashine ya kuchonga chuma, tukachongewe pula, nati ndefu nene yenye nyuzi za ile pini upande mmoja na za bolti kubwa upande wa pili, na bomba la chuma kizito la kuifunika. Nati inakamata ncha ya pini, bomba linaegemea kwenye mkono, unakaza bolti, pini inavutwa badala ya kugongwa. Nguvu inakwenda mstari mmoja na nyuzi zinabaki salama.

Upande wa kulia mzee akapasha moto chuma cha nguzo, chuma tu, akakaza, akangoja, akakaza, akaenda kunywa kahawa yake akarudi, akakaza. Hakuwa na haraka hata kidogo. Ilipoachia ilitoa mlio gereji nzima ikanyamaza, kisha ikaanza kusogea, milimita baada ya milimita, nyekundu kwa kutu. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia.

Upande wa kushoto ikakataa. Pula ilianza kupinda na mzee akasema basi, akisema basi ni basi. Tukaikata pini kwa blade ya msumeno kati ya mkono na nguzo, mbele na nyuma, mkono ukatoka, kipande kilichobaki ndani ya nguzo tukakipeleka kwenye presi kubwa kwa jirani. Gharama yake ni pini moja, nami nilikuwa nimeagiza mbili mpya mapema, na nawashauri mtu yeyote asiifungue nyuma ya Z kama hana pini mpya mkononi. Pini ni ya kununua, nguzo ya shoki ikipasuka kwa nyundo hiyo ni balaa.

Kurudisha, pini mpya tulizipaka grisi ya shaba, lakini pale zinapokaa ndani ya nguzo tu, kidogo, na mzee akafuta kila iliyochuruzika karibu na raba. Kijikato kinalinganishwa na tundu la loki, loki inaingia kwanza, ndo nati za mwisho zinafuata.

Zinafuata, lakini hazikazwi. Hapa nasimama tena kwa kuwa hapa ndo bushi mpya nyingi zinauliwa siku ileile zinapofungwa. Gari ikiwa kwenye stendi miguu inaning'inia chini. Ukikaza bolti hapo, lile bomba la ndani linabanwa katika hali ya kuning'inia, na ukishusha gari raba inasokotwa mara moja, na inabaki imesokotwa usiku na mchana hata gari ikiwa imepaki. Inakaa juu zaidi ya inavyotakiwa, inakwenda ngumu, na raba inachanika mapema, halafu mwenye gari anasema spea ni feki. Fanya hivi, funga bolti zote kwa mkono tu, shusha gari chini kwa matairi yake, itikise, isukume mbele na nyuma ijikalie, kisha ingia kwenye shimo ukaze kila bolti na nati huku gari imebeba uzito wake wenyewe. Nati ya tenshen rodi vilevile. Kama hakuna shimo, weka jeki chini ya mkono uinyanyue mpaka gari ianze kutoka kwenye stendi, ndo ukaze. Hii ni kazi ya dakika chache na karibu kila gereji niliyowahi kuingia wanaikaza ikining'inia.

Alaimenti ya matairi ya mbele, kisha tukatoka, mie na ami, asubuhi mapema kabla malori hayajajaa, Makupa, Changamwe, Miritini, tukapanda mpaka Mazeras. Tok hakuna. Breki imenyooka. Lakini kilichonigusa ni usukani, ulikuwa mwepesi na mpole kama ule wa zamani lakini sasa una maneno, wajua tairi ya kushoto imekanyaga nini na ya kulia imekanyaga nini, na nyuma inafuata bila kufikiri. Kwenye zile kona za kupanda Mazeras nikaachilia mafuta makusudi, ikatulia. Ami alikuwa ameshika mpini wa mlango, akauachilia, akaniambia nisimamishe gari, nikadhani anaumwa. Akasema, "Hebu nipe nikae huko." Akaendesha yeye mpaka Mariakani.

Kilichobaki nyuma ni raba za ile baa ya masharubu inayoshika difu, zimepasuka kidogo na zinasubiri mzigo mwengine, pamoja na raba ya mbele ya difu yenyewe. Na kwa yeyote atakayefanya kazi hii, ukishatembea kidogo rudi chini na spana, raba mpya zinajikalia na nati zinaweza kulegea, anza na pini za loki za nyuma, kisha tenshen rodi. Kutu ya chini mie siku hizi naosha kwa maji matamu mengi kila nikitoka karibu na bahari, na chuma napaka nta ya chasisi kwa brashi, bushi naziruka moja moja kwa mkono. Kwenye kioo cha nyuma nimebandika karatasi kwa ajili ya vijana wa kuosha gari, imeandikwa kwa herufi kubwa, MAJI TU CHINI.